Picha safi, sidiria ina doa: tusiambiwe ‘uko sawa’ mapema

Kuna sentensi moja ambayo mabinti wengi wa mtaani wanaijua kwa moyo: “Uko sawa, picha haijaonyesha kitu.” Husemwa kwa upole, na mara nyingi na mtu aliyechoka ambaye nje ya mlango wake kuna foleni ndefu. Unavaa blauzi, unasema asante, unapanda boda kurudi kwenu Mutuini. Halafu Alhamisi jioni unavua sidiria na doa liko palepale, lile la rangi ya chai ya rangi, au jekundu kabisa.

Leo wacha tuongee kuhusu hilo doa. Najua si stori ya kupiga mkiwa kwa kibanda cha chipsi. Huko tunaongea ganji, mapenzi, siasa na nani ameachana na nani. Chuchu ikianza kutoa kitu ambacho si maziwa, kila mtu anameza mate. Mathe akisikia, swali lake la kwanza ni kama una mimba. Mpenzi wako atauliza umemeza nini. Shosh ana jirani ambaye macho yake hayakuwa mazuri tangu zamani. Nayo grupu ya WhatsApp itakuandikia maji ya ndimu na kitunguu saumu, mara mbili kwa siku.

Msimamo wangu niuweke mezani mapema. Kwa aina fulani ya majimaji ya chuchu, ultrasaundi na mamogramu zikitoka safi, kazi haijaisha. Hapo ndipo picha ya MRI ya matiti inapaswa kutajwa. Si mwanzoni, na si kwa kila mtu, lakini hapo lazima itajwe. Na vile mambo yalivyo Nairobi, mashine hii inamfikia kwa urahisi mtu mwenye hofu na kadi nzuri ya bima kuliko mtu mwenye doa la damu na kadi ya SHA isiyolipiwa.

Mimi si daktari. Chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo usinigeuze kliniki. Mambo ya kidaktari humu ndani ni yale ambayo madaktari wa matiti wenyewe wanakubaliana. Hasira ndiyo yangu.

Tuanze na habari njema. Majimaji mengi ya chuchu si ugonjwa wa kutisha. Titi limejaa mirija, na mirija kazi yake ni kupitisha maji. Ukiikamua, itatoa kitu. Yakitoka matiti yote mawili, kwenye matundu kadhaa, baada ya kubanwa, na rangi yake ni ya maziwa, ya manjano au ya kijani, mara nyingi ni mwili tu unaendelea na shughuli zake. Mama aliyenyonyesha anaweza kuona maziwa kidogo hata mwaka mzima au zaidi baada ya mtoto kuachishwa. Na wale wanaojikamua kila asubuhi waone kama bado yapo, wacheni. Ukiendelea kukamua unaliambia titi liendelee kutengeneza.

Maziwa kwa msichana ambaye hana mimba wala mtoto yana maelezo yake pia. Kuna dawa zinazopandisha homoni ya prolaktini, ile inayoamuru titi litoe maziwa: dawa ya kutapika ambayo wengi tunaijua kama Plasil, dawa kadhaa za magonjwa ya akili kama risperidone, na methyldopa ya presha. Tezi ya shingoni ikilegea inaweza kuleta hali hiyohiyo. Na wakati mwingine kuna kivimbe kidogo, kisicho saratani, kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Hapo MRI inaweza kuitishwa, lakini ya kichwa, si ya titi. Ndiyo maana mtu akikuambia “niliambiwa nifanye MRI kwa sababu ya chuchu”, muulize kwanza ni MRI ya wapi. Hizo ni safari mbili tofauti, na dada mmoja hawezi kumshauri mwenzake barabara ambayo yeye hakupita.

Sasa tuje kwa ile aina nyingine. Daktari mzuri atakuuliza maswali manne kabla hajagusa mashine yoyote. Ni titi moja au yote? Ni tundu moja au mengi? Yanatoka yenyewe, kiasi cha kuchafua nguo au shuka, au mpaka ukamue? Yana rangi gani? Majibu yakiwa titi moja, tundu moja, yanatoka yenyewe, na ni damu au maji meupe kama ya bomba, hiyo si ya kuambiwa “ni homoni tu” ukaenda nyumbani. Umri wako si kinga, na kukosa uvimbe mkononi si jibu.

Hata hapo usikimbie kuandika wosia. Mara nyingi chanzo huwa papiloma, kinyama kidogo kinachoota ndani ya mrija kama kidutu, na hakina ubaya wa saratani ingawa vingine vinahitaji kuondolewa. Wengine mirija imepanuka tu na kujaa uchafu wake. Saratani inapatikana kwa wachache. Tafiti nyingi huweka idadi hiyo kati ya asilimia 5 na 15 ya wenye majimaji ya aina hii, na nyingine hupata zaidi. Ukiniuliza mimi, mtu mmoja kati ya kumi ni wengi. Ungeambiwa matatu kumi zikitoka Dagoretti Market moja haitafika, ungepanda?

Ila kuna jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha. Saratani inayojitangaza kwa majimaji, bila uvimbe, mara nyingi inakuwa bado imefungiwa ndani ya mrija. Haijavunja ukuta. Haijaenda kwapani, wala kwenye mfupa, wala kwenye ini. Ukiipata hapo, matibabu yana nafasi kubwa ya kuimaliza kabisa. Yaani mwili umekupigia simu ukiwa na muda, na sisi tunaikata. Nchi hii hupata karibu wagonjwa wapya 7,000 wa saratani ya matiti kila mwaka kwa makadirio ya shirika la utafiti wa saratani la WHO, na zaidi ya wanawake 3,000 hufa. Wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umeshatembea. Tunalia kila siku kwamba watu wanachelewa. Huyu mwenye doa hajachelewa. Amekuja mapema, ametoa nauli, amekaa kwenye benchi, na sisi ndio tunamrudisha.

Tunamrudisha vipi? Kwa picha safi.

Mpangilio wa vipimo wenyewe una mantiki. Kwanza mikono ya daktari. Halafu, kwa aliye chini ya miaka 30, ultrasaundi. Kati ya 30 na 39 inaweza kuwa ultrasaundi au mamogramu. Kuanzia 40, mamogramu na ultrasaundi pamoja. Hivi ni vipimo vizuri, bei yake ni nafuu, na ndivyo vya kuanza navyo. Lakini kila kimoja kina upofu wake. Mamogramu hutafuta uvimbe na chembechembe za chokaa. Kitu cha milimita nne ndani ya mrija, kisicho na chokaa, kinaweza kupita kama mtu bila tiketi. Isitoshe matiti ya vijana yamebana, kwenye picha yanatoka meupe pe, na saratani nayo huonekana nyeupe. Tafuta yai kwenye sufuria ya ugali. Ultrasaundi inaona ndani ya mrija ikiwa karibu na chuchu, lakini inategemea sana mkono unaoishika na dakika ulizopewa. Mirija iliyo mbali inaweza kusahaulika.

Kwa hiyo picha safi maana yake ni kwamba kifaa hiki hakijaona. Kwa mtu asiye na dalili, hiyo ni habari ya kutosha. Kwa mtu anayetokwa na damu kwenye tundu moja, bado kuna swali: damu inatoka wapi?

Zamani jibu lilikuwa njia mbili. Moja ni kuingiza kisindano chembamba kwenye tundu la chuchu, kusukuma dawa na kupiga eksirei ili mrija uonekane. Inauma, na ikiwa siku hiyo majimaji hayatoki, tundu lenyewe halipatikani. Ya pili ni kisu: mpasuaji anaondoa mrija mmoja, au, kama hajui ni upi, anaondoa yote iliyo nyuma ya chuchu. Soma hiyo sentensi tena ukiwa na miaka 24. Mirija yote ikiondolewa, titi hilo halitanyonyesha mtoto. Kuna wakati upasuaji huo ni wa lazima na unaokoa maisha. Lakini mtu akikatwa hivyo kwa sababu tu hakuna aliyejua pa kukata, hiyo ni bei kubwa ya kulipia ukosefu wa picha.

Hapo ndipo MRI inapopata heshima yake. Haitumii mionzi ya eksirei. Inatumia sumaku, na si ya kuchezea: mashine ya kawaida ya tesla 1.5 ina nguvu kama mara 30,000 ya sumaku ya dunia. Inatikisa chembe za haidrojeni zilizo kwenye maji ya mwili, halafu inasikiliza zinavyotulia. Unadungwa dawa yenye gadoliniamu kwenye mshipa wa mkono, na kwa kuwa vinyama vibaya na vingine visivyo vibaya hujivutia damu nyingi, vinawaka kwenye picha kama kioski chenye stima usiku wa giza. Titi kubana hakuizuii sana kama inavyozuia mamogramu. Kitu ambacho mamogramu ilipitia, MRI inaweza kukionyesha kilipo, kinaelekea wapi na kimeshika mirija mingapi. Daktari wa picha anaweza kurudi na ultrasaundi akitafuta mahali palepale, na safari hii akakiona kwa sababu anajua pa kuangalia. Kinatolewa kipande kwa sindano, kinapelekwa maabara. Mpasuaji anaingia akiwa na ramani.

Na ikitoka safi? Hii ndiyo faida isiyosifiwa. MRI safi, juu ya mamogramu na ultrasaundi safi, inashusha sana uwezekano wa saratani. Haifikishi sifuri, kwa sababu kuna aina za polepole zilizo ndani ya mrija ambazo haziwaki vizuri. Lakini inashuka kiasi kwamba daktari na mgonjwa wanaweza kukaa chini wakaamua kufuatilia kwa miezi badala ya kukimbilia kisu. Titi linabaki na mirija yake.

Nina rafiki anayeishi Waithaka, wa miaka 26. Doa lake lilianza kama tone la chai kwenye fulana nyeupe. Kituo cha kwanza, cha mtaani, kilimpa antibayotiki, eti ni infekshoni, ingawa hakuwa na maumivu wala joto. Zikaisha, akapewa nyingine. Kituo cha pili kilimpiga ultrasaundi.

“Sista, lakini bado inatoka,” alimwambia muuguzi.

“Mami, picha iko safi. Wacha kujipa stresi.”

Miezi saba. Alianza kuvaa nguo nyeusi tu, na kulala na sidiria iliyowekewa pamba. Alimwacha jamaa aliyempenda kwa sababu hakutaka aguse wala aulize. Mwishowe shangazi yake alimburuta hadi kwa daktari wa matiti, ambaye alimuuliza yale maswali manne, akabonyeza kidogo kwenye ukingo wa chuchu, akaona tone likitoka kwenye tundu moja, na kuandika MRI hapohapo. Chama cha mathe kilitoa, na sisi wa mbogi tukachangisha kwa simu. Kilikuwa kitu cha milimita chache ndani ya mrija mmoja. Kikaondolewa kwa mkato mdogo kando ya weusi wa chuchu. Maabara ikasema papiloma. Si saratani.

Mtu atasema: si unaona, alikuwa sawa, pesa yote hiyo ya nini? Huyo mtu hajawahi kulala miezi saba akihesabu watoto ambao hajazaa.

Sasa tuongee Nairobi yetu. Hospitali ya Mutuini ni ya Level 4, ya kaunti, na inabeba mzigo wa Mutuini yenyewe na majirani zake upande huu wa Dagoretti Kusini. Siombi iwekewe MRI. Nasema hivyo kwa makusudi, kwa sababu kila mwanasiasa akisikia neno mashine anaona utepe wa kukata. Tulishapita hapo. Mwaka 2015 serikali ilianza mradi wa kukodisha vifaa vya hospitali, hospitali 98 katika kaunti zote 47, mabilioni ya pesa. Mamogramu zilikuwemo. Kamati ya Seneti ilipokuja kuchunguza baadaye, ikakuta mahali pengine mashine zimekaa tu kwa kukosa stima ya kutosha, maji, chumba au mtu wa kuzitumia. Mashine bila mtu ni kabati la bei ghali.

MRI ya titi ni mbaya zaidi kwa hilo. Si kila mashine ya MRI inafaa. Inahitaji kifaa maalumu cha matiti, kama kitanda chenye matundu mawili ambapo unalala kifudifudi matiti yakining’inia. Bila hicho, umelipia kelele. Na inahitaji msomaji wa picha aliyezoea matiti, kwa sababu MRI ina tabia ya kuwasha taa hata pasipo na mwizi. Titi la kijana karibu na hedhi linaweza kuwaka kila mahali. Ndiyo maana, kama hali si ya haraka, hupangwa siku ya 7 hadi ya 14 tangu hedhi ianze. Je, ukipiga simu kuweka nafasi, huwa unaulizwa tarehe ya hedhi, ama unaulizwa tu kama ni keshi au bima?

Na hapa niwageukie wenzetu wenye pesa, na wanaowauzia. Kuna biashara ya hofu katika jiji hili. Mtu ana maumivu ya matiti kila mwezi kabla ya hedhi, matiti yote mawili, jambo la kawaida kabisa, na kesho yake yuko kwenye MRI kwa sababu bima inalipa na picha iko kwenye kifurushi. Picha inawaka mahali. Anachomwa sindano ya kutoa kipande. Si kitu. Miezi sita tena, picha nyingine. Amepoteza usingizi na ngozi kwa jambo ambalo maswali manne yangelimaliza. Kipimo chenye nguvu kikipewa mtu asiye na sababu kinaleta madhara ya kweli. Kwa hivyo mtu akisoma makala hii akimbie kutafuta MRI kwa sababu titi lina maziwa kidogo, atakuwa hajanielewa.

Kutoka Mutuini, njia ya umma inaelekea Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Si mbali kwa ramani. Lakini ni matatu mbili, na mvua ikinyesha Ngong Road inageuka maegesho. Ni siku ya kazi iliyopotea, na kwa anayefua nguo za watu au kuuza mitumba hiyo siku ndiyo chakula cha jioni. Ni foleni ya kumwona daktari, nyingine ya picha, nyingine ya matokeo. Kituo cha kibinafsi kitakuharakishia, kwa makumi ya maelfu ya shilingi. Umbali wa MRI kwa binti wa Mutuini unahesabiwa kwa siku na noti.

Nayo bima? SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kabla hajauona. Sisi wa kubahatisha tunapimwa mapato ya nyumba, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, na sheria ilitaka ulipe ya mwaka mzima kwa mpigo. Yaani 3,600 kwa uchache. Kwa hivyo vijana wengi wamejiandikisha, wana namba, na hawajalipa. Siku doa linatokea ndiyo unaanza kutafuta 3,600, kabla hujafikia swali la MRI yenyewe. Nikiwa na sekunde moja na anayepanga hiyo bima, ningemwambia: usihesabu picha kwa kichwa, angalia sababu. Damu, tundu moja, yenyewe, vipimo viwili safi. Huyo mpe idhini siku hiyohiyo. Mwenye maziwa ya pande zote mbili mpe kipimo cha damu cha prolaktini na cha mimba, ambacho ni bei ya chini kabisa. Mkifanya hivyo hata pesa itabaki.

Kuna watu wataniambia hospitali zinakosa glavu na paracetamol, na wewe unaongea MRI. Nawasikia. Jibu langu ni kwamba sehemu kubwa ya ninachoomba haina bei. Maswali manne hayana bei. Afisa wa kliniki kubonyeza ukingo wa chuchu aone tundu lipi linatoa, dakika mbili. Kuandika kwenye kadi “damu, titi la kushoto, tundu moja, inatoka yenyewe, ultrasaundi safi, apelekwe kliniki ya matiti”, ni mstari mmoja wa kalamu. Huo mstari ndio tofauti kati ya kufika kwa daktari wa matiti baada ya wiki mbili na kufika baada ya miezi saba. Na “rudi baada ya wiki nne kama bado inatoka” ni maneno manane ambayo yangebadilisha mwaka wa rafiki yangu.

Wanaume, msijitoe. Mna mirija pia, midogo tu. Mwanamume anayetokwa na majimaji kwenye chuchu, hasa damu, aende hospitali haraka kuliko mwanamke, kwa sababu kwake si jambo la kawaida hata kidogo, na uwezekano wa saratani uko juu zaidi. Najua hakuna msee atakayeuliza hili gym. Basi nimekuulizia.

Kwa atakayeandikiwa MRI ya titi, haya ndiyo ningetaka mtu aniambie. Kabla ya kulipa, uliza kama wana kile kifaa cha matiti na kama picha itasomwa na mtu wa matiti. Waambie tarehe ya hedhi yako. Sema kama una mimba au unashuku, kwa sababu dawa ya gadoliniamu huepukwa. Sema kama figo zina shida, au una chuma chochote mwilini: kifaa cha moyo, klipu za upasuaji, kipande kilichobaki baada ya ajali. Kipini cha pua kitoke. Wigi na klipu zake ibaki na rafiki nje, pamoja na zile pete za chuma tunazovisha rasta. Utalala kifudifudi nusu saa hivi, wakati mwingine dakika 45, na mashine itapiga kelele kama mjengo wa ghorofa jirani; watakupa cha kuziba masikio. Kama unaogopa mahali pa kubana, sema mapema, kuna namna ya kukusaidia. Usijikamue wiki hiyo.

Ukimaliza, usiondoke na karatasi ya maelezo pekee. Dai picha zenyewe, kwenye CD au kwa njia yoyote wanayotoa. Daktari wa upasuaji atataka kuziona kwa macho yake, na ukifika bila hizo utaambiwa uanze upya, na safari hii chama cha mathe hakitakuwa na kitu.